Bakuli Lililobaki Mkekani

Mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam akija likizo Mikindani huja na tui lake kwenye pakiti. Daktari amemwambia tumbo lake halipatani na maziwa ya ng'ombe, basi chai anatia tui, uji anatia tui, na safari hii alinitengenezea kitu cheupe, kizito, cha kulamba kwa kijiko, akasema ni mtindi wa nazi, bibi onja. Nikaonja. Kilikuwa kitamu, na palepale hasira ikanipanda mpaka masikioni. Mtoto wa watu akabaki ananikodolea macho. "Bibi, kimeharibika?" Nikamwambia hakijaharibika, mwanangu, wewe kula tu. Ningeanzia wapi kumweleza? Kwamba kitu hichohicho anachokula leo kwa kuchagua, mimi nilikihangaikia msimu mzima wa mvua na vidole vimechubuka, nikiwa na umri mdogo kuliko wake, na hakukuwa na mtu wa kuniambia Somoe, leo umepatia. Hata neno moja.

Labda ningecheka naye kama si mgeni aliyenijia wiki chache kabla. Mwanamke mwenye mvi, kichwa amefunga kitambaa cheusi, alipiga hodi saa za mchana nikiwa nachambua mchele. Nilimkaribisha, hakuingia. Akasimama kizingitini akauliza, "Wewe ndiye wifi Somoe?" Miaka mingi imepita bila mtu kuniita wifi kwa lafudhi ile ya watu wa Rungwe. Akasema, "Mimi ni Atupele, mdogo wake Ambakisye, yule wa mwisho. Hatujapata kuonana. Mwanangu amepata kazi Mtwara, nimekuja kumtazama, nikaona nisirudi bila kufika kwako. Wifi, Mama ametutoka." Ambakisye alikuwa mume wangu wa kwanza, naye alitangulia zamani. Huyo mama ndiye mama mkwe wangu niliyeishi naye mwaka ule ninaotaka kuueleza. Nilisema poleni kwa mdomo, kama inavyotakiwa, na moyoni sikusikia huzuni yoyote. Nilisikia udhia, kama mtu aliyeamshwa. Atupele alikaa, akaweka furushi lake la kitenge chini ya kiti, sikuuliza ni nini kwa sababu mgeni haulizwi mzigo wake. Kisha akanishangaza. "Wifi, sitaki kukusumbua. Lakini kama nazi ipo, nipikie ndizi. Zile zako." Zile zangu! Mtu sijawahi kumtia machoni, anajua chakula changu. Niliingia jikoni nikavunja nazi kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, na kila nilipokamua, mwaka ule ukawa unarudi.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Ambakisye alikuwa karani bandarini, kijana wa shati jeupe na kalamu mfukoni, na tulikuwa tumeoana bomani, yeye Mkristo na mimi Mwislamu, wazee wa pande zote mbili wamenuna. Wa kwetu walinuna kwa kelele, na anayenuna kwa kelele hupoa. Wa kwao walinuna kimya. Tulipanga vyumba viwili Chikongola, mjini Mtwara, nyuma ya maduka, vyenye sakafu ya saruji iliyopasuka katikati na dirisha moja linalotazama uani. Jiko lilikuwa banda la makuti huko uani, na msimu wa korosho malori yalipopita kwenda bandarini vumbi lilikuja likatua kwenye kila chungu nisichokifunika. Ambakisye alikuwa amenieleza mapema jambo moja la kwao. Sijui kama ni la Wanyakyusa wote au la nyumba yao tu. "Mama hasemi kwamba amekupokea," aliniambia. "Anakula chakula chako mpaka mwisho, halafu bakuli analiinua mwenyewe, analileta jikoni, anakukabidhi kwa mikono miwili. Siku hiyo ndiyo harusi. Ile ya bomani ni karatasi." Nikamuuliza, na asipolileta? Akasema atalileta. Nikamuuliza tena, na asipolileta, Ambakisye? Akacheka, akasema, "Wewe mpikie vizuri tu." Wanaume wanajua kurahisisha mambo ambayo hawatayapika wao.

Mama alikuja kwa basi la Songea, amekauka kwa safari, amekumbatia kibuyu cha maziwa kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka nacho kwao kikiwa kimejaa maziwa mgando, akayanywa na kuyagawa njiani mpaka yakaisha, na kilichobaki kilikuwa harufu ya moshi na maziwa ambayo iliingia nyumbani kabla yake. Kibuyu hicho alipewa na mama yake mzazi. Alikitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, akatazama huku na huku, akamuuliza mwanawe swali kwa Kinyakyusa. Ambakisye akajibu akiwa ameinamisha kichwa. Baadaye nilimuuliza Mama alisema nini. "Anauliza ng'ombe wako wapi." Mtwara ile, yenye mbung'o pande zote, ng'ombe! Yeye alizoea kuamka na maziwa, kulala na maziwa, ndizi kwa maziwa, ugali kwa maziwa, mgonjwa maziwa, mgeni maziwa. Mimi maziwa nilikuwa nayajua ya kopo, ya dukani, ya kijiko kimoja kwenye chai ya Idi.

Siku ile nilipika kama mtu anayefanya mtihani. Wali wa nazi, na changu wa kupaka, tui zito mpaka linang'ang'ania kidoleni. Mkeka ulitandikwa chumba cha mbele, tukanawa. Mama akamtazama samaki machoni kwa muda, akamega wali wa pembeni, tonge moja, la pili, kisha akafuta vidole vyake kwenye kanga kama aliyeshika mafuta ya taa. "Una mafuta," akasema kwa Kiswahili, ili nielewe. Bakuli likabaki mkekani. Tangu siku hiyo ndipo macho yangu yalipozoea kutazama mahali pamoja. Watu wakila nilikuwa sitazami nyuso zao, nilikuwa natazama bakuli la Mama limewekwa wapi.

Alikuja kwa wiki mbili. Mvua ikawahi, barabara ya Tunduru ikageuka tope, mabasi yakakwama, na wiki mbili zikawa miezi. Sasa mimi na Mama tukabaki wawili mchana kutwa, nyumba moja, Kiswahili chake kidogo, Kinyakyusa changu hakuna. Neno lao la maziwa nililijua kabla ya kulijua la asante. La asante ni ndaga, na nililijifunza kwa kumsikia akiwaambia watu wengine. Mchota maji aliambiwa ndaga. Jirani aliyemletea muwa aliambiwa ndaga. Mimi nilikuwa nampelekea uji asubuhi, maji ya kuoga ya moto, chakula cha mchana, chakula cha jioni, naye alikuwa anatingisha kichwa tu kama anayehesabu makosa.

Nilijaribu maziwa ya kopo. Meli zilichelewa, makopo yalikuwa yanatoka chini ya kaunta kwa wanaojuana, na nilizunguka maduka ya Chikongola mpaka wenye maduka wakawa wakiniona wanaanza kutingisha kichwa kabla sijafungua mdomo. Siku nilipolipata moja lilikuwa lile la sukari, zito, la rangi ya samli. Mama alilionja kwa ncha ya ulimi. "Haya alikamua nani?" akauliza. Ndipo nikajiambia, basi, nina nazi, nitayatengeneza maziwa kwa nazi. Asubuhi yake nikapika chai ya tui. Nilitia tui zito, nikafunika sufuria nikaenda kufagia, kama ambavyo tangu utotoni nilikatazwa kufanya. Wasiwasi ulikuwa umenitoa akili. Niliporudi tui limekatika, madonge meupe huku, mafuta yanaelea huko. Nikalikoroga, nikalichuja, nikampelekea hivyohivyo. Akakitazama kikombe, akanirudishia macho. "Chai hii inanitazama," akasema. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikapiga mwiko ukutani ukavunjika.

Shangazi yangu wa Msimbati, kule mdomoni mwa Ruvuma, ndiye aliyeniletea nazi kila alipopata lifti. Alikuwa mcheshi, hasira yangu ilikuwa inampendeza. "Ngeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alinitania siku moja kwa lafudhi yake ya Msimbati, akimwona Mama amekaa barazani. Nikamwambia huyo si mgeni, shangazi, huyo ni mkwe. "Ah, basi nkweo huyo jembe atakupa wewe!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini yeye wala mtu mwingine yeyote hakuweza kunisaidia kwa lile nililokuwa nalitafuta. Sisi tulizaliwa tunajua nazi nzuri ni nazi iliyokomaa, kavu, nzito, yenye mafuta mengi, ndiyo inayopika mchuzi ukasimama. Hakuna kwetu aliyewahi kuchagua nazi kwa ajili ya mtu asiyetaka iwe nazi. Nikaanza mwenyewe. Nilizitikisa sikioni moja moja. Dafu halifai, nyama yake ni ute. Nazi kavu sana ndiyo ile iliyompa Mama mafuta kinywani. Katikati yake kuna koroma lililokaribia kukomaa, maji yake yanasikika kidogo tu, na nyama imeshika lakini bado ni tamu. Hilo ukilikuna bila kufika kwenye ganda la kahawia, ukalikamua kwa maji ya uvuguvugu, linakupa tui jeupe, jepesi, lisilonata. Nilikaa juu ya mbuzi yangu ya nazi mchana baada ya mchana nikikuna na kuonja. Mbuzi ile ilikuwa ya mninga, ya kukunja, na mguu wake mmoja ulivunjika nikauunga kwa kipande cha bati la kopo na misumari minne iliyopinda. Nilichubuka vidole. Wali wangu wa wakati huo ulikuwa na damu kidogo ambayo hakuna aliyeijua.

Siku moja nililiacha bakuli la tui jikoni, tui zuri, la koroma, limetulia na utando juu, nikaenda kisimani. Niliporudi bakuli tupu. Nikamlaani paka wa jirani, nikakuna nyingine. Baada ya siku kadhaa nyumba ikaanza kunuka. Nilifagia uvungu wa kitanda, nikatazama mitego ya panya, nikamuuliza Ambakisye kama ameleta samaki mfukoni. Jumapili, yeye yuko nyumbani, Mama alishusha kibuyu chake msumarini kwa heshima, akakitingisha, akakiinamisha juu ya bakuli. Alikuwa ameliona tui langu, akaamini kwamba hatimaye nimepata maziwa na ninamficha, akayachukua, akayatia kibuyuni, akayatundika yagande kama kwao. Kilichotoka sitaki kukieleza wakati wa chakula. Maji ya kijivu, madonge ya mafuta yaliyooza, na harufu iliyotutoa sote watatu uani. Tukakiosha kibuyu kwa majivu, kwa maji ya moto, kwa mchanga. Nikakifukiza moshi wa mkaa mpaka macho yakavimba. Mafuta ya nazi yalikuwa yameshaingia kwenye kuta zake, na kibuyu kikiisha kunywa mafuta mabovu hakisafishiki. Mama alikaa nacho mapajani, hakulia, alikuwa anapitisha kidole mdomoni mwa kibuyu tu, pale mama yake alipokuwa ameshika. Kisha akasema maneno mengi kwa Kinyakyusa, taratibu, na Ambakisye hakuyatafsiri. Nilimshika shati. "Mwambie sikujua! Mwambie tui haligandi! Mwambie alichukua bila kuuliza!" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Nimwambie mama yangu ameiba?" Hasira yangu ikakosa pa kwenda, kwa sababu nilimwonea huruma yule mwanamke, na hakukuwa na lugha ya kumwambia.

Baada ya hapo Mama akahamia jikoni. Hakusema kwa nini. Kila asubuhi nikikaa kukuna, anavuta kigoda chake anakaa mbele yangu, mikono magotini, anatazama. Anatazama ninavyotikisa nazi. Anatazama ninavyokamua la kwanza na kuliweka pembeni, na kumwagia machicha maji na kukamua la pili kwenye kifumbu cha kuchujia, lile jepesi la kupikia. Siku moja alinyoosha mkono akakamata kifumbu, akakikamua mwenyewe, kwa nguvu, kama anayemkamua ng'ombe, tui likamrukia usoni. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Jioni niliwasikia kupitia ukutani, yeye na mwanawe. Sikuelewa kitu isipokuwa neno la maziwa, na neno lililokuja tena na tena, Rungwe, Rungwe, na sauti ya Ambakisye inayozidi kuwa ndogo. Nikamuuliza, mnazungumza nini? "Mambo ya nyumbani." Nyumbani wapi, nikasema, si hapa? Akageukia ukutani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimelala kitandani na kimya cha watu wawili.

Mvua zilipokuwa zinaishilia, shangazi aliniletea mkungu wa ndizi mbichi kutoka bonde la Ruvuma. Siku ile niliamua ni ya mwisho. Ikishindikana, nimeshindwa, nitapika ninachojua na anayetaka ale. Nilichagua makoroma matatu katika rundo zima. Nilimenya ndizi, nikaziloweka zisiwe nyeusi, nikazipika kwenye tui la pili na chumvi tu, bila pilipili, bila kitunguu, bila hata kipande cha samaki, mpaka zikalainika na kushika rojo. Kisha nikaipua chini, moto nikauacha pembeni, nikatia tui la kwanza taratibu huku ninakoroga upande mmoja, bila kuchemka, bila kifuniko. Sikuinuka, sikufagia, sikujibu hodi. Lilitoka jeupe kama maziwa yenyewe, na harufu yake ilikuwa tulivu, haikuwa ya nazi wala haikuwa ya kitu kingine. Nilizipakua ndizi kwenye bakuli lake, lile la udongo la rangi ya bluu alilokuja nalo kutoka kwao, nikampelekea mkekani. Ambakisye alikuwa amekuja kula mchana. Mama akachukua tonge la kwanza. Akachukua la pili. Hakufuta vidole. Alikula bila kuinua kichwa, bila kuongea, na alipomaliza akapitisha kidole kuzunguka ndani ya bakuli, akakilamba. Mimi na Ambakisye tulitazamana. Nilikuwa nimeshasogea hadi mlango wa uani, nimefuta mikono, niko tayari kukimbilia jikoni kupokea. Mama akaliweka bakuli chini, katikati ya mkeka, polepole. Akalitazama. Akaweka mkono wake kwenye ukingo wake, nami nikamwona kabisa akitaka kuliinua. Kisha akaurudisha mkono mapajani, akaegemea ukuta, akafumba macho. Tulingoja. Ambakisye akarudi kazini. Adhana ya alasiri ikalia, inzi wakaanza kuja, bakuli liko palepale. Nililiondoa mwenyewe, nikaliosha, na nilipoliweka juani niliogopa hasira yangu isije ikalivunja.

Nilimpikia ndizi zile tena na tena mpaka barabara ilipokauka, kwa sababu nilikuwa mjinga wa kutumaini. Kila mara alikula mpaka mwisho. Kila mara bakuli lilibaki mkekani. Siku ya kuondoka nilimfungia mihogo ya kuchoma na korosho za njiani, Ambakisye akabeba mizigo mpaka kwenye basi. Mama alinishika bega, akanitazama kama mtu mwenye la kusema, akapanda. Jioni nikataka kukuna nazi, mbuzi sioni. Nilipekua jikoni, uani, kwa jirani. Nikasema mwaka huu hata mbuzi imenichoka, nikanunua nyingine.

Yaliyofuata hayana urefu. Msimu uliofuata Ambakisye alikwenda kwao likizo. Wazee walimkalisha, wakamuuliza mama yake mbele ya watu kama amepokea mkamwana wa pwani, na mama yake akanyamaza. Hakusema hapana. Alinyamaza, na kwao hilo lilitosha. Ambakisye aliniambia haya akiwa amesimama mlangoni, begi halijashuka begani, kama karani anayesoma barua ya mtu mwingine. Nilimuuliza, na wewe ulisema nini? Akasema, "Somoe, mbele ya wazee ningesema nini?" Akaomba uhamisho wa Mbeya, akaupata, akanipa talaka yangu kwa adabu, akaoa kwao. Niliolewa tena, nikazaa, nikapata maisha, silalamiki. Lakini miaka yote hiyo nikikaa kukuna nazi nilikuwa namuuliza yule mwanamke swali moja: Mama, chakula kilikuwa na kasoro gani? Nilikuwa tayari kuambiwa. Chumvi, moto, nazi, niambie. Nisichoweza kuvumilia ni kutojua.

Basi nikampakulia Atupele ndizi zake. Alikula kama mtu aliye nyumbani, bila haraka, na alipomaliza akainuka, bakuli mkononi, akanifuata hadi jikoni akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilipokea bila kufikiri, kisha nikatazama nilichoshika. "Wifi," akasema, "ndivyo zilivyo. Mama alikuwa anatupikia hivihivi kila Jumapili. Nazi zilikuwa zinaletwa kutoka Kyela, anazitikisa sokoni moja moja mpaka wauzaji wanamkimbia. Tukijaribu kufunika sufuria anatuchapa." Nikamwambia asinitanie, siku hiyo si ya utani. Akarudi chumbani akaja na furushi, akafungua kitenge. Mninga umekuwa mweusi kwa mikono ya watu, na kwenye mguu mmoja bati la kopo limeshikiliwa na misumari minne iliyopinda.

"Aliniambia nikurudishie mwenyewe, kwa mkono wangu," Atupele akasema. "Alisema, huyo hakukosea kitu. Alisema siku ile ya kwanza ya ndizi alikwisha kulishika bakuli."

"Nilimwona. Kwa nini hakuliinua?"

Atupele alikunja kitenge kwanza. "Alisema, 'Ningeliinua, mwanangu asingerudi nyumbani tena. Angekaa kule baharini mpaka afe. Nilikuwa na mwana mmoja tu wa kiume.'"

Nilikaa chini, juu ya gunia la mkaa, na sikujali nguo. Kwa hiyo alijua. Chakula hakikuwa na kasoro. Kingekuwa na kasoro angeniambia tangu mwanzo. Nilikuwa nimepatia, tena nilipatia mno, na kwa kupatia kwangu ndiko nilikoondolewa. Aliondoka na mbuzi yangu kwenye mzigo wake kwa sababu alijua atakitamani kile alichokataa kukisifu. Nikaichukua, nikaikunjua, nikapitisha kidole kwenye chuma chake. Nilikiacha kikiwa na meno makali yaliyokuwa yananichubua. Sasa kilikuwa laini, mviringo, meno yote yameliwa, kimebaki kama kijiti. Hukuni nazi mpaka chuma kikaisha hivyo kama huipendi.

"Haikuni tena hii," nikamwambia Atupele.

"Hapana, wifi. Ilikwisha zamani. Hakutaka tumnunulie nyingine."

"Angeirudisha ingali inakata."

Atupele akanishika mkono. Ndipo nikamlilia mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza, huku bado namkasirikia.